Usiyatupe makapi ya tunda, ndicho chakula cha utumbo wako

Na MWANDISHI WETU

WAKAZI wengi wa miji yetu siku hizi hawali matunda bali huyanywa. Asubuhi mama humkamulia mtoto machungwa matatu, akayachuja kwa kichungio cha chai ili "mtoto asisumbuliwe na nyama", kisha makapi yote yakaenda kwenye pipa la taka. Adhuhuri baba hununua gilasi ya juisi ya embe mjini. Jioni familia nzima hushushia chakula kwa juisi ya pakiti. Wote huamini kwamba siku hiyo wamekula matunda ya kutosha.

Watu hao hao ndio wanaofika kwenye maduka ya dawa wakilalamika kwamba hawajaenda haja kubwa kwa siku tatu au nne, tumbo limejaa kama ngoma, au wanaona haya kutamka kwamba wana bawasiri. Wengine hununua poda na chai za "kusafisha tumbo" kwa bei ghali. Hawajui kwamba sehemu ya kile wanachokitafuta waliitupa asubuhi pamoja na makapi.

Katika makapi hayo mna vitu ambavyo wanasayansi huviita polisakaraidi, yaani sukari nyingi zilizoshikana mkono kwa mkono zikafanya mnyororo mrefu. Wanga wa viazi na ugali ni wa jamii hiyo, na tumbo la binadamu linaweza kuukata mnyororo wake na kuutumia. Lakini ipo minyororo mingine ambayo tumbo letu halina kisu cha kuikata. Hiyo ndiyo huitwa nyuzinyuzi. Katika matunda, nyuzinyuzi iliyo muhimu zaidi na isiyojulikana sana na wengi ni pektini.

Pektini ni nini?

Kila tunda limejengwa kwa chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, mfano wa nyumba iliyojengwa kwa matofali. Selulosi ndiyo tofali lenyewe, nayo pektini ni kama saruji inayoyashikanisha matofali hayo. Ndiyo inayolifanya pera bichi liwe gumu na tofaa likatike kwa mlio unapoliuma.

Mtu wa kwanza kuitenga pektini na kuipa jina alikuwa mwanakemia wa Ufaransa, Henri Braconnot, mwaka 1825. Jina hilo alilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya kuganda, kwa kuwa sifa yake kubwa ni kuyagandisha maji. Mama yeyote aliyewahi kupika jamu ya mapera au ya machungwa anaifahamu kazi ya pektini hata kama hajalisikia jina lake: chungu huwa chepesi kama chai, lakini kikipoa jamu hushikamana.

Wapika jamu wana njia yao ya zamani ya kuipima. Huchota kijiko kidogo cha maji ya tunda lililochemshwa, wakayaacha yapoe kabisa, kisha wakaongeza spiriti mara tatu ya kiasi hicho na kutikisa polepole mbali na moto. Tunda lenye pektini nyingi hutoa donge moja kubwa kama ute wa yai. Lenye pektini kidogo hutoa vipande vidogo vilivyotawanyika. Mchanganyiko huo ni sumu na hutupwa mara moja; usiuonje wala usiuache mahali watoto wanapoweza kuufikia.

Pektini imejaa zaidi katika ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda la chungwa, limau, ndimu na balungi, na katika utando unaozitenganisha tembe za machungwa. Ganda la michungwa na mindimu likikaushwa, kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wake ni pektini. Makapi makavu ya tofaa lililokamuliwa huwa na asilimia 10 hadi 15. Ndiyo sababu viwanda vinavyotengeneza pektini ng'ambo havinunui matunda mazima. Hununua makapi kutoka kwa viwanda vya juisi. Kile ambacho sisi twakiona takataka, wao hukigeuza bidhaa.

Safari ndani ya tumbo

Unapokula chungwa pamoja na utando wake, sukari iliyomo hunyonywa katika utumbo mwembamba. Pektini haiguswi. Hufyonza maji ikawa kama uji mzito, na uji huo hufanya kazi mbili njiani.

Kazi ya kwanza ni kuchelewesha. Chakula hutoka polepole katika mfuko wa tumbo na sukari huingia katika damu kidogo kidogo badala ya kumiminika kwa mkupuo. Kazi ya pili ni kunasa. Pektini huzishika asidi za nyongo ambazo ini huzitoa ili kusaga mafuta, ikatoka nazo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na malighafi yake ni lehemu, yale mafuta ya damuni yanayoweza kuziba mishipa ya moyo. Hivyo kiwango cha lehemu hupungua.

Baada ya hapo pektini huingia katika utumbo mpana, na hapa ndipo penye ajabu. Humo wanaishi bakteria wengi mno, mabilioni kwa mabilioni. Wengi wao si maadui. Ni wapangaji wanaolipa kodi, mradi tu mwenye nyumba awape chakula. Bakteria hao wana vile visu tusivyokuwa navyo sisi. Huikata pektini, wakaichachusha, na katika kuichachusha hutoa asidi tatu: asetiki, propioniki na butiriki.

Asidi ya butiriki ndiyo chakula kikuu cha chembechembe zinazouzunguka utumbo mpana kwa ndani. Chembechembe hizo hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kutoka kwa asidi hiyo. Zikishiba, ukuta wa utumbo huwa imara, nao ute unaoukinga hubaki mzito. Zikinyimwa, ukuta hudhoofika. Isitoshe, bakteria wenyewe wakikosa nyuzinyuzi, baadhi yao hugeuka na kuanza kuula ule ute unaoukinga ukuta. Kwa maneno mengine, usipowalisha wapangaji wako, wataanza kubomoa nyumba.

Hapa yafaa tusahihishe dhana moja. Si kila nyuzinyuzi hufanya kazi sawa. Pektini huliwa karibu yote na bakteria, kwa hiyo haiongezi sana wingi wa choo. Kazi ya kuongeza uzito wa choo na kuusukuma mbele hufanywa zaidi na selulosi, ile iliyomo katika maganda, sukumawiki, maharagwe na nafaka zisizokobolewa. Mtu mwenye uyabisi wa tumbo anahitaji zote mbili pamoja na maji ya kutosha.

Somo lililotoka Uganda

Dunia ilianza kuyatilia maanani makapi ya chakula kutokana na mambo yaliyoonekana hapa Afrika Mashariki. Daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliingia Uganda mwaka 1946 na kwa miaka mingi alifanya kazi katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala. Jina lake linakumbukwa kwa ile saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Mwenzake, Hugh Trowell, alifika Kenya mwaka 1929 kabla ya kuhamia Uganda.

Madaktari hao waligundua jambo moja: maradhi yaliyojaza wodi za Uingereza, kama vile saratani ya utumbo mpana, bawasiri na uvimbe wa kidole tumbo, yalikuwa nadra miongoni mwa wanavijiji waliowatibu. Mwaka 1972, Burkitt na wenzake walichapisha matokeo ya kupima kitu ambacho wengi wangeona aibu kukipima, yaani choo. Wanavijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 kwa siku. Mabaharia wa jeshi la wanamaji la Uingereza walitoa kama gramu 104 tu, na chakula kilikaa tumboni mwao kwa siku tatu na zaidi.

Burkitt alitoa hoja kwamba tofauti ilikuwa katika nyuzinyuzi. Wapo waliomcheka. Lakini utafiti uliofuata umeipa hoja yake nguvu, ingawa si kwa kila ugonjwa alioutaja. Mwaka 2019 watafiti wa New Zealand walikusanya matokeo ya tafiti 185 zilizofuatilia watu kwa miaka mingi, pamoja na majaribio 58. Waliona kwamba wanaokula nyuzinyuzi kwa wingi, wakilinganishwa na wanaokula kidogo, walipungukiwa na hatari ya ugonjwa wa moyo, kiharusi, kisukari cha ukubwani na saratani ya utumbo mpana kwa kati ya asilimia 15 na 30.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wajukuu wa wale wanavijiji sasa wanaishi mijini, na chakula chao kinafanana na cha wale mabaharia. Nchini Kenya, saratani ya utumbo mpana sasa ni miongoni mwa saratani zinazogunduliwa kwa wingi.

Wiki mbili zatosha kubadili tumbo

Huenda msomaji akauliza: je, nimechelewa? Majaribio mawili yanatoa jibu la kutia moyo, na pia onyo.

La kwanza lilichapishwa mwaka 2015. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipewa chakula chenye kama gramu 55 za nyuzinyuzi kwa siku na mafuta kidogo. Wanavijiji walipewa nyama, mafuta na chakula kilichokobolewa. Katika muda huo mfupi, asidi ya butiriki iliongezeka mara mbili na nusu katika matumbo ya Wamarekani, na dalili za uvimbe katika ukuta wa utumbo zikapungua. Kwa wanavijiji, asidi hiyo ilishuka ikawa nusu, na dalili za hatari zikapanda.

La pili ni la karibu na kwetu. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyiwa vijana wa kiume 77 katika eneo la Kilimanjaro, Tanzania. Baadhi ya vijana wa shambani waliacha maharagwe, mboga na ndizi wakala chakula cha kisasa cha mjini kwa wiki mbili. Baadhi ya vijana wa mjini walifanya kinyume chake. Wale wa shambani waliongezeka dalili za uvimbe katika damu, na askari wa mwili wao wakadhoofika katika kupambana na vijidudu. Wale wa mjini walipata nafuu, na baadhi ya mabadiliko hayo yaliendelea kuonekana wiki nne baadaye.

Majaribio haya yalihusu chakula kizima, wala haingefaa kusema kwamba pektini peke yake ndiyo iliyoleta tofauti. Hata hivyo yanaonyesha kwamba tumbo hujua haraka linapodhulumiwa, na pia hujua haraka linapotendewa haki.

Tunda zima au juisi?

Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwapa watu 10 matofaa kwa njia tatu: mazima, yaliyopondwa, na juisi isiyo na makapi. Kiasi cha sukari kilikuwa sawa katika kila njia. Juisi ilimalizwa kwa kasi mara 11 kuliko matofaa mazima. Waliokunywa juisi walisikia njaa mapema. Mwili wao ulitoa insulini nyingi zaidi, na baadaye sukari katika damu yao ikaporomoka, jambo ambalo halikutokea kwa matofaa mazima. Matofaa yaliyopondwa yalikuwa katikati.

Hebu tufanye hesabu ya nyumbani. Gilasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa hutoka katika machungwa kama matatu na ina gramu zipatazo 21 za sukari, sawa na vijiko vitano vidogo, hata kama hukuongeza hata chembe moja. Machungwa hayo matatu yangekupa gramu 9 hivi za nyuzinyuzi. Juisi iliyochujwa inakupa kama nusu gramu tu. Umebaki na sukari, ukaitupa breki yake.

Ukitumia mashine ya kusagia na usichuje, makapi hubaki, na hiyo ni afadhali kuliko juisi iliyochujwa. Hata hivyo unakunywa kwa dakika moja matunda ambayo ungeyatafuna kwa robo saa. Kwa watoto, madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2017 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe juisi ya matunda kabisa. Aliyeanza kula apewe tunda lililopondwa.

Ubora hutofautiana

Je, tunda gani ni bora? Kwanza tazama kiasi cha nyuzinyuzi zote katika gramu 100 za sehemu inayoliwa:

Karakara (pasheni) pamoja na mbegu zake: gramu 10.4
Parachichi: gramu 6.7
Pera: gramu 5.4
Ndizi mbivu: gramu 2.6
Chungwa: gramu 2.4
Tofaa pamoja na ganda: gramu 2.4
Papai: gramu 1.7
Embe: gramu 1.6
Nanasi: gramu 1.4
Tikiti maji: gramu 0.4

Tazama jinsi pera, tunda ambalo wengi hulidharau kwa kuwa huota lenyewe kandokando ya njia, linavyolishinda tofaa linaloletwa kwa meli. Hali kadhalika ubuyu. Unga ule mweupe uliomo ndani ya buyu una nyuzinyuzi nyingi mno, karibu nusu ya uzito wake ukiwa mkavu, na sehemu kubwa ya hizo ni za aina ya pektini inayoyeyuka katika maji. Nchi za Ulaya ziliuruhusu kuuzwa kama chakula mwaka 2008, na leo huuzwa huko kwa bei ya dhahabu. Sisi wa Mombasa, Kitui na Makueni tumekulia chini ya mibuyu. Lakini tahadhari: mabuyu mekundu ya kununua dukani yamezungushiwa sukari na rangi. Afadhali unga mtupu uliokorogwa katika uji au maziwa lala.

Jambo la pili ni kiwango cha kuiva. Tunda bichi lina pektini ngumu isiyoyeyuka. Likiiva, vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kuikata minyororo, ndipo tunda likalainika. Likipitiliza, minyororo huwa imekatika vipande vifupi mno, nalo papai likateleza mkononi. Tunda lililoiva lakini bado likakaza ndilo lenye pektini nzuri zaidi kwa mlaji. Ndizi mbichi nayo ina jambo la ziada: wanga wake mwingi ni mgumu kusagika, hivyo hufika mpaka utumbo mpana ukawa chakula cha bakteria kama pektini. Ndizi ikigeuka manjano yenye madoadoa, wanga huo huwa umegeuka sukari.

Jihadhari na maembe na ndizi zilizoivishwa kwa kabidi. Ganda huwa na rangi ya kupendeza kila upande, ilhali ndani ni gumu na halina ladha. Kabidi ya viwandani huweza kuwa na chembe za sumu kama aseniki na fosforasi. Nunua kwa mchuuzi unayemwamini, na uyaoshe matunda yote kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kuyakata.

Viwandani, ubora hupimwa kwa nguvu ya kugandisha. Pektini ya daraja 150 ni ile ambayo kilo moja yake yaweza kugandisha kilo 150 za sukari. Ukisoma kibandiko cha jamu, mtindi au peremende ukaona E440, hiyo ni pektini. Si sumu, na hutoka katika matunda. Lakini usijidanganye kwamba kwa kula jamu umelisha utumbo. Kiasi cha pektini kilichomo ni kidogo, nayo sukari huzidi nusu ya chupa.

Mtoto anayehara

Wazazi wengi huogopa kumpa mtoto anayehara kitu chochote chenye makapi. Hata hivyo bibi zetu waliowapondea watoto ndizi za kupika walikuwa na sababu. Jijini Dhaka, Bangladesh, watafiti waliwachukua watoto wa kiume 62 wenye umri wa kati ya miezi 5 na 12 waliokuwa wakihara kwa zaidi ya wiki mbili. Kundi moja lilipewa uji wa mchele uliotiwa ndizi mbichi zilizopikwa, la pili uji wa mchele wenye pektini, na la tatu uji wa mchele mtupu. Kufikia siku ya nne, asilimia 82 ya waliopewa ndizi na asilimia 78 ya waliopewa pektini walikuwa wamepona. Katika kundi la mchele mtupu walikuwa asilimia 23 tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001.

Sababu ni ile ile tuliyoieleza. Asidi zinazotolewa na bakteria huusaidia utumbo mpana kunyonya chumvi na maji, kwa hiyo choo hukauka.

Lakini mzazi, tafadhali shika hili: kinachoua katika kuhara ni kuishiwa na maji. Dawa ya kwanza ni maji ya ORS ya pakiti, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kama Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF walivyoagiza mwaka 2004. Mtoto aendelee kunyonya. Ndizi ni chakula cha kusaidia tu, na watoto wa Dhaka walikuwa chini ya uangalizi wa hospitali. Mtoto mwenye macho yaliyozama, anayelala bila kuchangamka, asiyeweza kunywa au mwenye damu katika choo apelekwe hospitalini bila kuchelewa.

Kiasi gani kwatosha?

Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba kila mtu mwenye zaidi ya miaka 10 ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku na apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kutoka kwa chakula chenyewe. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 ahitaji gramu 15, na wa miaka 6 hadi 9 gramu 21.

Hilo si jambo gumu wala la matajiri. Chungwa moja lina gramu 3. Mapera mawili madogo yana kama 6. Nusu ya parachichi kubwa ina 6 na ushei. Sahani ya githeri au maharagwe yatatimiza zilizosalia, na sukumawiki itaongeza juu yake. Ukipika ugali kwa unga wa kinu usiokobolewa badala ya ule mweupe wa pakiti, utakuwa umevuka kiwango bila gharama ya ziada.

Kuhusu lehemu, wakaguzi wa usalama wa chakula wa Ulaya walikubali mwaka 2010 kwamba gramu 6 za pektini kwa siku husaidia kudumisha kiwango kizuri katika damu. Mwenye kisukari naye anaweza kula matunda mazima kwa kipimo alichopewa na daktari wake, lakini asidhani kwamba pektini itachukua nafasi ya dawa.

Mambo ya kuangalia

Anza polepole. Tumbo lililozoea mkate mweupe na chipsi likijazwa mapera matano kwa siku moja litanguruma na kujaa gesi, kwa sababu bakteria wanapochachusha hutoa hewa. Ongeza tunda moja kila siku chache, na tumbo litazoea. Kunywa maji zaidi, kwani nyuzinyuzi bila maji huweza kuzidisha uyabisi.

Poda za pektini na za "kusafisha tumbo" zisimezwe kavu. Huvimba zikikutana na mate, na zinaweza kumkaba mtu koo, hasa mzee mwenye taabu ya kumeza. Aidha, zinaweza kuzuia baadhi ya dawa zisinyonywe vizuri, kwa hiyo mwulize mfamasia kwanza. Mtu mwenye ugonjwa wa figo asijiongezee matunda kwa ushauri wa gazeti, kwa kuwa ndizi, parachichi na machungwa yana potasiamu nyingi ambayo figo mbovu haiwezi kuitoa. Afuate kipimo cha daktari wake.

Zaidi ya yote, matunda yasiwe kisingizio cha kutokwenda hospitali. Ukiona damu katika choo, choo kikibadilika ghafla na kubaki hivyo kwa wiki kadhaa, ukikonda bila sababu, au ukichoka kwa kupungukiwa na damu, usiseme "ni bawasiri tu". Mwone daktari akupime. Saratani ya utumbo mpana ikigunduliwa mapema hutibika vyema zaidi kuliko ikigunduliwa baada ya kuenea.

Kwa aliye mzima, hatua ya kwanza ni rahisi na haina gharama. Kesho asubuhi menya chungwa kwa kisu, uache ile nyama nyeupe kidogo, kisha mpe mtoto vipande avitafune mwenyewe pamoja na utando. Kichungio kirudi kwenye kazi yake ya chai.